Shayiri ya Mkesha wa Pasaka

Kule mitaa ya Wayahudi, mashariki ya New York, enzi zile barafu, makaa na maziwa vyote vilipovutwa na farasi, hakuna mwenye mkokoteni aliyelitaja jina la Heshi Pomerants bila kwanza kutazama nyuma yake. Walimwita Heshi Sumu. Walisema ameua farasi mia mbili. Walisema farasi akimwona anapita tu, hulala chini mwenyewe ili asimpe kazi. Mwuza samaki mmoja aliapa kwa macho yake yote mawili kwamba Heshi alimpulizia farasi wa polisi moshi wa sigara puani, na mnyama akafa wima, askari bado yuko juu yake, hana habari mpaka alipotaka kukata kona.

Watu wanapenda kutia chumvi. Farasi aliowaua Heshi walihesabika kwa vidole, na kila mmoja alimtapisha. Alikuwa kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, na alichukuliwa na genge kwa sababu moja tu: farasi walimpenda. Aliweza kuingia zizini, akapita kati yao, wala hakuna aliyepiga kwato. Wengine walimnusa mfukoni na kumwegemezea shingo. Halafu yeye akafungua pipa la chakula chao, akamwaga unga wake mweupe. Kama kuna kazi chafu kuliko hiyo, mimi siijui.

Bosi wake alikuwa Nuchem, aliyevaa glovu za manjano kiangazi na masika. Nuchem aliwatoza wenye mikokoteni ada ya ulinzi, na ukimuuliza ulinzi dhidi ya nani, alikuonyesha zile glovu. Aliyekataa kulipa aliamka akakuta farasi wake amelala ubavu. Mkokoteni usio na farasi ni mbao za kuchochea moto, na mwenyewe hana tena cha kuwalisha watoto.

"Kuna mjane anauza maji ya soda," Nuchem alimwambia Heshi. "Nimempelekea watu, akawarushia chupa. Chupa, Heshi! Motke ana nundu mpaka leo. Sijui kama ana jina, na sitaki kulijua. Zizi ni la yule Mwairishi, Mulcahy. Pipa lake lina picha ya chupa ya bluu. Kazi uifanye asubuhi ya mkesha wa Pasaka. Nataka sikukuu imkute analia."

Basi asubuhi ya mkesha Heshi aliingia zizini kwa Mulcahy. Farasi wote walikuwa wamekwisha kutoka na mikokoteni, maana siku ya kuamkia sikukuu kila mtu anataka kitu. Mapipa ya shayiri yalikuwa yamepangwa ukutani. Akalipata lenye chupa ya bluu, akamwaga, akakoroga kwa fimbo, akatoka.

Njiani aliona mioto midogo kila pembe ya barabara. Akina mama walikuwa wakikung'uta mifuko ya makoti, wakitupa motoni makombo ya mkate, maganda ya mkate, hata kijiko cha mbao alichokorogea mtu uji. Wazee walisimama kando wakinong'ona dua. Heshi alilelewa katika mambo hayo tangu utotoni, lakini hakuwa ameyafuata kwa miaka. Akapita katikati ya moshi bila kuitazama ile mioto.

Alikwenda kwa mama yake, Reyzl, aliyekaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lililochoka. Mama alikuwa amemwapisha kwamba safari hii atakula Pasaka nyumbani. Nyumba ilinuka sabuni na samaki wa kuchemsha. Heshi hakuwahi hata kuvua kofia, mara mlango ukapigwa teke kwa nje.

"Fungueni, mikono imejaa!"

Akaingia mwanamke mwenye mabega mapana, amekumbatia kreti ya chupa za maji ya soda, jasho linamtiririka. Akaitua mezani kwa kishindo.

"Mama Reyzl, siku utakayohamia ghorofa ya chini, mimi nitakuletea soda bure mwaka mzima," alisema huku akishika kiuno. "Huyu ndiye yule kijana wako?"

"Ndiye huyo. Heshele, msalimie dada Tsipe! Mbona umesimama kama mlingoti? Si nilikwambia kwamba majira ya baridi, ulipokuwa gerezani kisiwani, nilishikwa na homa ya mapafu nikawa sipumui, na kuna mtu akanipeleka hospitali? Ndiye huyu. Alishusha makreti yake yote barabarani, kwenye theluji, wezi wakajichotea. Akanibeba mgongoni mpaka chini, akanilaza mkokotenini."

"Mimi nilikubeba tu," Tsipe alisema. "Aliyekuponya ni Gavana."

"Gavana?" Heshi aliuliza.

"Farasi wangu. Nilimwita hivyo kwa sababu ana kitambi na hafanyi haraka kwa ajili ya mtu yeyote. Lakini siku ile, mama yako akikoroma nyuma, alikimbia! Sijawahi kumwona anakimbia kabla ya hapo, wala sijamwona tena tangu siku ile."

Heshi alisogea dirishani akachungulia chini. Farasi wa kijivu alikuwa amesimama mbele ya mkokoteni wa chupa za bluu, anatikisa masikio kufukuza inzi.

"Dada," alisema. "Amekula, huyo Gavana?"

"Saa hizi? Nina nyumba tatu za kupeleka, halafu narudi zizini nimlishe, nami nikaoge. Kwa nini unauliza?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini mama alikuwa amesimama pale anamtazama kwa furaha, amemshika Tsipe mkono, na Heshi akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Isitoshe, mtu aliyemwaga siri za Nuchem alionekana mara moja, kisha hakuonekana tena.

"Nimesahau kitu," alisema, akatoka mbio.

Alishuka ngazi akirukaruka, akamkumba muuza vitunguu, akatukanwa mpaka babu zake. Alikimbia kati ya ile mioto, watu wakimpisha kwa sababu walimtambua, na kila aliyempisha alijiuliza leo ni zamu ya farasi wa nani. Kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: afike kwenye lile pipa kabla ya Tsipe.

Akafika. Akaingia. Ukuta ulikuwa mtupu. Hapakuwa na pipa hata moja.

Katikati ya zizi alikaa Mulcahy mwenyewe juu ya stuli, mzee mwenye ndevu nyekundu zilizoanza kufifia, amevaa koti la kwendea kanisani, na shingoni amening'iniza ufunguo kwa kamba.

"Mapipa yako wapi?" Heshi alifoka.

"Unataka kusema mapipa *yangu*," Mulcahy alijibu, akanyoosha ndevu. "Nimeyanunua leo asubuhi, mbele ya rabi, kwa mkono na kwa sahihi. Nimeyafungia kule chumbani. Tangu sasa mpaka sikukuu iishe, kila punje ya shayiri iliyomo humu ni mali ya Cornelius Mulcahy."

"Kwa nini?"

Mulcahy alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyesahau suruali nyumbani. "Kijana, wewe si Myahudi? Sikukuu ya mikate isiyotiwa chachu! Ngano, shayiri, chochote kinachoweza kuchacha, Myahudi hali, haweki nyumbani, wala hamlishi mnyama wake. Kila mwaka wananiuzia mimi, sikukuu ikiisha wananunua tena. Farasi wao sasa ni majani makavu na karoti tu. Hivi mimi Mkatoliki ndiye wa kukufundisha mambo haya?"

Heshi alikaa chini palepale, kwenye nyasi. Karoti! Gavana angekula karoti. Hata kama yeye asingekimbia, hata kama angevunjika mguu ngazini, farasi yule asingeonja punje. Alitia sumu shayiri ya Myahudi mkesha wa Pasaka! Akaanza kucheka, akicheka akilia, kamasi zikimtoka, na Mulcahy akaanza kusogeza stuli yake mbali kidogo.

"Umekunywa?"

"Hapana, mzee. Nimefurahi tu. Nimefurahi sana."

"Basi tufurahi wote," Mulcahy alisema, akainuka. "Miaka yote nanunua, sigusi, narudisha. Mwaka huu nimejiuliza, Cornelius, mali ni yako au si yako? Nimemchotea Noreen wangu ndoo moja ya sikukuu. Nimechota kwenye pipa la mjane, maana yeye hununua shayiri safi kuliko wote."

Akaichukua ndoo iliyokuwa nyuma ya stuli, akaiweka mbele ya farasi jike mwekundu aliyerudishwa mapema, amefungwa pembeni. Noreen akainamisha kichwa.

Heshi hakukumbuka baadaye aliinukaje. Aliirukia ile ndoo kwa teke, shayiri ikatapakaa, naye akaanguka kifudifudi juu yake. Noreen alishtuka akapiga kwato, sentimita chache kutoka sikioni mwake. Mulcahy alimkamata ukosi akamwinua juu.

"Una wazimu?"

"Nainunua! Pipa zima nalinunua, sema bei yoyote."

"Huwezi kununua kwangu. Rabi ameniambia wazi, leo Myahudi hanunui shayiri. Sheria ni sheria."

Hivyo ndivyo Heshi Sumu, ambaye polisi walimpiga kwa mikanda asitoe neno, alivyolazimika kusema kweli: kwa sababu hakuruhusiwa kununua. Alisema yote, ananing'inia kwenye ngumi ya yule mzee, na alipomaliza Mulcahy alimtandika kofi lililomlaza tena kwenye nyasi.

"Okota," alisema.

Heshi aliokota punje kwa punje, kwa magoti, mpaka chini ya kwato za Noreen. Mulcahy alifagia nyuma yake. Kisha wakalitoa pipa lenye chupa ya bluu, wakaligeuza ubavu, wakalisukuma pamoja mpaka mtoni, na Mulcahy akalitumbukiza majini kwa mguu wake mwenyewe.

"Mali yangu. Natupa ninapotaka," alisema akihema. "Ningekupeleka polisi, ila polisi wa hapa wanakunywa kahawa na bosi wako. Nuchem sitamwambia. Kumficha mjane, hilo sikuahidi."

Waliporudi, Tsipe alikuwa amefika. Alikuwa amemfungua Gavana, anamvunjia karoti, anamsema kwa sababu anamdondoshea mate begani. Heshi alisimama nyuma ya mkokoteni akitazama tu. Farasi alitafuna, akameza, akadai nyingine. Mtu mwingine angeona farasi anakula karoti. Heshi aliona kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuviona. Gavana akanusa hewa, akageuka, akaja moja kwa moja akamwekea kichwa begani.

"Ajabu," Tsipe alisema. "Huyu hampendi mtu."

Usiku ule Heshi alikula mezani kwa mama yake, akaimba pale alipokumbuka maneno, na samaki akakaa tumboni bila kurudi.

Lakini Nuchem alikuwa bado hajasema lake. Siku chache baadaye, sikukuu ikiwa katikati na watu wamerudi kazini, Gavana alipita mbele ya mkahawa lilimokaa genge, chupa zikilia nyuma yake, Tsipe juu akiwa anakula tufaha. Nuchem alikuwa dirishani. Glovu zake za manjano alikuwa ameziweka kando ya sahani, kwa sababu alikuwa anakula mkate wa Pasaka, ule mkavu, na yai la kuchemsha. Aliweza kumvunja mtu magoti Jumatatu na Jumanne, lakini mkate wa chachu kwenye Pasaka hakuugusa. Marehemu baba yake alikuwa mwalimu wa Torati huko walikotoka, na hilo alilitaja kila alipopata nafasi.

"Heshi," aliita taratibu. "Kaa hapa. Yule aliyepita ni nani?"

"Ni farasi wa mjane, bosi."

"Mimi nilidhani ni mzimu wake. Ulitia au hukutia?"

"Nilitia."

"Usinidanganye. Ulitia wapi?"

"Kwenye pipa lake la shayiri. Asubuhi ya mkesha wa Pasaka, kama ulivyoagiza."

Nuchem alikuwa ameinua kipande cha mkate mkavu. Mkono ukasimama njiani. Aliutazama mkate, akamtazama Heshi, akautazama mkate tena. Upande wa pili wa meza Motke, mwenye nundu, alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia na mabega yanamtetemeka.

"Shayiri," Motke alisema ndani ya kofia. "Kwenye Pasaka." Akashindwa kujizuia. "Bosi, kesho tukamtilie rabi sumu kwenye nyama ya nguruwe!"

Mkahawa mzima ukavunjika mbavu. Watu waliokwisha kuua watu walilala juu ya meza wakifuta machozi. Nuchem peke yake hakucheka.

"Nani aliichagua siku ile?" aliuliza.

Kicheko kikakatika. Kila mtu alijua ni nani aliyeichagua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukumbuka. Nuchem akazivaa glovu zake, kidole baada ya kidole, na Heshi akajua sasa yamemfika. Alimwaza mama yake akipanda zile ngazi peke yake.

"Farasi yule alikula," Nuchem alisema.

"Bosi?"

"Alikula pipa zima, akapiga chafya, akaenda kazini. Ndivyo ilivyokuwa. Farasi wa namna hiyo ana mtu anayemwombea, hachezewi, na mimi si mtu wa kupigana na maombi. Atakayesimulia kwa namna nyingine, nitamkata ulimi." Akamgeukia Heshi. "Na wewe sitaki kukuona tena hapa. Nikikuona nitaukumbuka mkate huu. Toka."

Heshi alitoka. Alitembea mpaka kona akingojea kusikia nyayo nyuma yake, akageuka, hapakuwa na mtu. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akaitazama mikono yake, akaona haina tena kazi ya kufanya. Hakuwahi kufukuzwa kazi akafurahi hivyo.

Kufikia jioni soko zima lilikuwa na habari. Farasi wa maji ya soda amekula sumu ya Nuchem akapiga chafya! Akina mama walileta watoto wenye kifaduro wamguse manyoya. Mwuza samaki akaapa aliiona ile chafya, na kwamba ilikuwa ya kijani. Gavana alizipokea heshima zote hizo bila kuongeza mwendo.

Sikukuu ilipoisha, wenye mikokoteni walikwenda kwa Mulcahy kununua tena shayiri yao. Asubuhi ya siku iliyofuata Heshi alisikia kengele chini ya dirisha la mama yake. Akashuka. Tsipe alikuwa juu ya mkokoteni, hatamu mkononi, na usoni hakuwa na kicheko.

"Mulcahy ameniambia pipa langu liko wapi," alisema.

Heshi aliinamisha kichwa.

"Usiku kucha nimepanga maneno ya kukuambia. Mengine nisingeweza kuyatamka mbele ya mama yako. Nimekuja nayo yote." Gavana alikuwa amekwisha kunyoosha shingo, anamnusa Heshi mfukoni. Tsipe akawatazama wote wawili, akaguna. "Hebu mwone huyu mjinga. Hata hajui."

"Nisamehe, dada."

"Msamaha omba kwake. Mimi mgongo wangu umechoka na makreti, na ngazi za mama yako zitaniua kabla ya Nuchem. Unataka kazi, panda. Ila kuna sharti."

Alishuka, akafungua gunia jipya la shayiri nyuma ya mkokoteni, akachota kiganja kimoja, akakipeleka mdomoni kwa Heshi.

Heshi akala. Shayiri mbichi ni ngumu, inachoma fizi na kuacha vumbi kooni, lakini alitafuna mpaka ikawa uji, akameza, akafungua mdomo aonyeshe kwamba umebaki mtupu. Tsipe alimchunguza macho, akangojea. Gavana alingojea pia, ila yeye kwa hasira.

"Sasa mpe na yeye," Tsipe alisema.

Ikawa hivyo kila asubuhi, mpaka Gavana alipokufa kwa uzee, amelala kwenye nyasi zake, kichwa mapajani mwa Heshi. Kiganja kimoja kwa mtu kwanza, kisha ndoo kwa farasi. Wageni walioshuka melini waliletwa zizini waonyeshwe: tazama, yule ndiye Heshi Sumu, aliyeua farasi mia mbili, sasa anakula sumu yake mwenyewe kila siku na haimdhuru. Heshi aliwasikia vizuri, wala hakuwasahihisha, maana mdomo wake ulikuwa umejaa na Gavana alikuwa anangojea.